Masaa Ishirini na Matatu Kutoka Melbourne

Gashe Werkineh, Gashe kwa heshima ya umri wake, alipakia mizigo ya watu kwenye ndege kwa miaka thelathini na mmoja, na yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege hata ya kwenda Bahir Dar, hapo karibu. Akiulizwa kwa nini, alijibu kwamba sanduku likipotea kuna dirisha la kulidai, lakini mtu akipotea hakuna dirisha. Watu walicheka, naye akaendelea kunywa kahawa yake bila kucheka.

Ua wetu uko Gerji, karibu na uwanja wa ndege wa mji mkuu, upande ule ambao ndege zikishuka tunaona matumbo yake. Nilihamia hapo nikiwa na mimba ya binti yangu Blen. Chumba changu kimepakana na cha Gashe, ukuta ni mwembamba, kwa hiyo mengi ninayoyaandika niliyasikia kabla sijaambiwa.

Alipostaafu alirudi nyumbani na maumivu ya kiuno na boksi la vikaratasi vya mizigo, vile vinavyofungwa kwenye mpini wa sanduku. Nyuma ya kila kimoja alikuwa ameandika kwa penseli jina la mji, umbali kwa kilomita, na masaa ya njiani. Marubani waliokuwa wakisubiri ngazi aliwauliza, wahudumu aliwauliza, abiria waliokuja kulalamika aliwauliza kwanza safari ilichukua muda gani ndipo akasikiliza malalamiko. Vilevile alinunua sokoni Merkato tufe la dunia, la watoto wa shule, na kipande cha kamba. Kidole chake kimoja kikilala juu ya kamba ni kilomita elfu moja, karibu sawasawa. Alikuwa akishika ncha moja ya kamba hapa kwetu na kuivuta mpaka mji unaoulizwa, kisha anahesabu vidole midomo ikimchezacheza.

Basi kila aliyekuwa na mtu wa kusafiri alipita kwake. Wasichana waendao Beirut kufanya kazi za nyumbani, mama mwenye mwana Toronto, hata padri mmoja aliyealikwa Roma. Wote aliwaambia jambo lile lile: "Hayo ni masaa ya hewani. Ya kukaa chini kwenye kiti cha kungojea yahesabu peke yake."

Mteja wake mkubwa alikuwa jirani yetu wa mlango wa mbele, Mama Tewabech. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili: Endale, anayeuza vioo vya madirisha, na Fantaye, aliyeondoka miaka sita iliyopita kwenda Melbourne, ambako anatunza wazee katika nyumba ya wazee. Kila asubuhi Mama Tewabech alitoa kichwa mlangoni kabla hata ya kunawa.

"Gashe! Huko saa ngapi sasa?"

"Saa nane mchana."

"Atakuwa amekula?"

"Kamba haisemi mtu amekula nini, Tewabech."

"Basi kamba gani hiyo! Na akitoka sasa hivi atafika lini?"

"Masaa ishirini na matatu. Nilikuambia jana, na juzi."

"Nilidhani wamesogeza."

Kwa kamba iliyonyooka, Melbourne ni vidole kumi na viwili. Lakini ndege ya Fantaye ilipitia Dubai, na kwa njia hiyo vidole vinakuwa kumi na vinne na kitu. Masaa kumi na manne mpaka Dubai, matano ya kungojea, manne mpaka kwetu. Hata mimi nilikuwa nimeyashika kichwani kama jina la mtoto.

Mwaka jana, mwezi wetu wa Tir, Januari kwa wengine, miguu ya Mama Tewabech ilivimba akashindwa kupumua usiku mmoja. Endale akaogopa, akampigia dada yake simu: mama anaumwa sana, njoo leo. Fantaye akaacha kila kitu akaja. Alipoingia uani alimkuta mama yake amekaa kwenye kigoda anakaanga kahawa, na neno la kwanza alilopewa lilikuwa, "Mbona umekonda hivi? Huko hawapiki?" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Baadaye tukasikia kwamba kule alikotoka walimwachisha kazi, ikamchukua miezi minne kupata nyingine. Siku ya kuondoka alimwambia Endale mbele yetu sote: "Siku nyingine ukiniambia mama anaumwa, utampa simu nimsikie mwenyewe."

Mama Tewabech alifariki Jumatatu moja ya mwezi wa Hamle, miezi sita baadaye, saa kumi na mbili asubuhi, mvua ikinyesha. Nilikuwa nikimnyonyesha Blen nikamwona Endale ametoka nje bila viatu, amesimama katikati ya ua, mvua inamnyeshea. Wanawake wakubwa walimpita wakaingia ndani.

Hakuna aliyepiga kelele. Tulizuiana kwa macho. Vijana wa uani wana simu, kelele zingefika Melbourne kabla ya saa moja, na kwetu mtu haambiwi msiba kwa simu, wala mchana, wala akiwa peke yake. Anaambiwa alfajiri, kabla hajatia kitu kinywani. Watu wake wanakusanyika kimya mlangoni, wanagonga, na akifungua akawaona wengi namna ile anajua mwenyewe. Akianguka, mikono ipo. Aliye ng'ambo hupelekewa watu wa kwetu walioko huko, wafanye vivyo hivyo.

Saa mbili mwenyekiti wa chama cha maziko, Mzee Demeke, aliwaita Endale na wazee wengine wawili chumbani kwa Gashe. Wanawake tulileta kahawa na hatukutoka.

"Mambo ni haya," alisema Mzee Demeke. "Marehemu alisema mbele ya padri kwamba asiwekwe kwenye jokofu la hospitali. Alale nyumbani usiku mmoja, azikwe. Kwa hiyo ni kesho, saa tisa alasiri. Fantaye atagongewa na wanawake wa kanisa la kule, alfajiri yao ijayo. Gashe, hesabu."

Gashe hakugusa kamba. "Alfajiri yao ijayo kwetu ni usiku wa leo. Ndege yake ni moja kwa siku, huondoka saa tatu na nusu ya usiku wao. Akiambiwa alfajiri atapanda ya kesho, atatua hapa Jumatano saa saba na nusu mchana."

"Jumatano!" Endale alisema.

"Atakuta udongo."

"Na akipanda ya leo?"

"Kesho saa saba na nusu mchana. Maziko saa tisa. Anawahi." Alitazama saa yake ya mkononi. "Kule sasa ni saa tisa alasiri. Yamebaki masaa sita na nusu ndege iondoke, na uwanjani anatakiwa mapema."

Mmoja wa wazee akasema maziko yasogezwe. Mzee Demeke akamuuliza kama yeye ndiye atakayemweleza marehemu.

"Nitamwambia mama anaumwa," alisema Endale. "Basi. Aje tu."

"Mwambie hivyo," alisema Mzee Demeke. "Na sauti yako uishike. Ukilia umeharibu."

Endale alipiga akiwa ameiweka simu juu ya meza, sauti wazi, ili sote tusikie.

"Kaka! Mbona mapema hivi? Niko kazini, nina dakika tano."

"Fantaye, mama hajambo... yaani, mama anaumwa. Njoo."

"Anaumwa nini?"

"Anaumwa tu. Panda ndege ya leo."

"Endale, Tir uliniambia hivyo hivyo nikaja nikamkuta anakaanga kahawa. Kazi ikaniponyoka. Nipe mama."

"Amelala."

"Mwamshe."

"Daktari amesema asisumbuliwe."

"Daktari yupi? Mama huyu huyu, anayesema madaktari wote ni wauza maji? Weka simu sikioni kwake, nimsikie hata akikoroma."

Endale aliisukuma ile simu juu ya meza, ikaenda ikasimama mbele ya Gashe Werkineh. Mzee Demeke alikuwa ameweka kidole midomoni na kutikisa kichwa.

"Fantaye, mwanangu. Ni mimi, Werkineh."

"Gashe! Afadhali wewe. Huyu kaka yangu anababaika nini?"

"Sikiliza. Leo usiku, saa tatu na nusu ya huko, kuna ndege ya Dubai. Ukiipanda unatua hapa kesho saa saba na nusu mchana."

"Hayo nayajua, Gashe, uliyaimba mwenyewe. Nikipanda ya kesho je? Niombe ruhusa vizuri, wasinifukuze tena."

"Unatua Jumatano saa saba na nusu."

"Sasa siku moja ina tofauti gani?"

Gashe hakujibu. Upande wa pili tulisikia magurudumu ya kitu kinasukumwa, na mtu mzee akiita jina lake kwa matamshi ya kigeni. Ilipita kama nusu dakika. Fantaye aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Gashe. Maziko saa ngapi?"

Mzee Demeke alinyanyuka kwenye kiti. Nilimtazama Gashe. Alikuwa na uso ule ule wa kila siku, uso wa mtu aliyeulizwa saa.

"Saa tisa," alisema.

Kuna kitu kilianguka kule, cha chuma, halafu simu ikakatika.

Hapo ndipo wanawake walipoachia kelele, kwa kuwa hakukuwa tena na cha kuficha. Mimi nilimziba Blen masikio. Katikati ya kelele hizo Mzee Demeke alikuwa amemsogelea Gashe, ndevu kwa ndevu.

"Umemwambia mtu msiba mchana! Kwenye simu! Kazini! Nani amemshika kule? Wazungu?"

"Aliniuliza saa."

"Usinichezee, Werkineh."

"Sikuchezei. Aliniuliza saa, na saa sijawahi kumdanganya mtu."

"Ungesema hujui!"

"Nani angeniamini?"

Baada ya hapo hawakusemeshana. Karibu nusu saa hatukujua kama Fantaye yuko kwenye miguu yake. Endale alipiga mara tisa. Mara ya kumi simu ilitoa mlio yenyewe: picha ya tiketi, bila neno lolote.

Siku ya pili tulipika tangu asubuhi, shiro, ule mchuzi wa unga wa kunde, na nafaka za kuchemsha, sufuria kwa sufuria. Hema lilikuwa limesimamishwa uani, mvua inaingia pembeni. Gashe alikaa kwenye benchi la mwisho, na watu waliompita walimsalimu kwa kifupi. Mwanamke mmoja alimwambia waziwazi, "Gashe, umemwambia mwenzio hivyo, ukalala?" Akajibu, "Sikulala." Mtu mwingine akamuuliza ndege imefika wapi sasa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anaulizwa swali hilo asijibu. Aliinama akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

Saa saba Endale alikwenda uwanja wa ndege kumpokea dada yake. Saa nane jeneza lilitoka. Kanisani mapadri walisoma, wakazunguka na uvumba, wakamaliza. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano. Tulikwenda kaburini, mvua ikawa ya manyunyu. Saa tisa ikafika, ikapita. Wachimbaji walikuwa wameshikilia kamba za jeneza.

"Tunamngoja mpaka lini?" aliuliza Mzee Demeke. Hakumtazama Gashe, lakini swali lilikuwa lake.

Gashe alisema kwa sauti ndogo, "Kutua ni saa saba na nusu. Kutoka mlangoni ni jambo lingine. Hilo la pasipoti sikulihesabu vizuri."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akikiri kosa la hesabu. Niliona mikono yake imeshikana nyuma, vidole vinahesabiana.

Teksi iliingia saa tisa na dakika kumi na mbili, Endale akiwa mbele. Fantaye alishuka akiwa na sare yake ya kazi, ya rangi ya samawati, na jina lake limebandikwa kifuani, na juu yake koti kubwa la kiume ambalo halikuwa lake. Alikuwa ametoka kwa wazee wake moja kwa moja. Hakuwa na begi. Wanawake walimkimbilia wakilia, mikono imetandazwa kumpokea asianguke. Hakuanguka. Alipita katikati yao, akaweka kiganja juu ya jeneza, akakiacha hapo muda, halafu akawaambia wachimbaji, "Shusheni." Alitupa udongo wa kwanza. Macho yalikuwa makavu.

Basi hilo likawa gumzo. Hemani, siku iliyofuata maziko, wanawake walinong'ona juu ya masufuria.

"Macho ya ng'ambo hayo. Makavu kama kwato."

"Mama yake alimlilia miaka sita, yeye hata tone!"

"Acheni jamani, kila mtu na kilio chake."

"Kilio gani kisicho na sauti? Hayo ni mafua."

Fantaye alisikia. Alichukua sahani ya nafaka akaenda kukaa kwenye benchi la mwisho, karibu na Gashe Werkineh, mahali watu walipokuwa wameacha nafasi. Mimi nilikuwa nyuma yao nikimbembeleza Blen mgongoni, nikasikia.

"Gashe, yale masaa kumi na manne."

"Ndiyo."

"Nilikaa kiti cha kati. Wa kulia alikuwa anatazama sinema anacheka. Wa kushoto ndiye aliyenipa hili koti, aliona natetemeka. Nilijifunika blanketi kichwani nikauma mkono wangu, tazama." Alimwonyesha. "Nikaogopa nikipiga kelele watarudisha ndege, nikose kufika. Nikajiambia ngoja, utalia ukifika. Halafu yule mhudumu akaja akaniuliza kuku au tambi. Nikasema kuku. Mama yangu yuko chini hajazikwa, mimi nakula kuku. Nikamaliza chote."

Gashe aliutazama ule mkono. "Tangu hapo hukulia?"

"Kimekwama. Nilikisukuma ndani, sasa hakitoki."

"Ningekuacha uambiwe alfajiri, ungekosa maziko."

"Najua."

"Nilifanya vibaya?"

"Usiniulize, Gashe. Nikisema ndiyo, bila wewe udongo nisingetupa. Nikisema hapana, ule mchana ulinikuta nimeshika chombo cha haja cha bibi mmoja, nikakiangusha, nikakaa sakafuni peke yangu, na bibi mwenyewe ananiambia nifute."

Alhamisi, siku ya kushusha hema, chama kilikaa kuzungumzia kosa la Gashe. Kuna waliotaka aondolewe kabisa kwenye mambo ya kupeleka habari. Mzee Demeke alimpa Fantaye nafasi ya kusema, kama mwenye msiba.

Fantaye alisimama. "Msimwadhibu," alisema. "Na msifanye hivyo tena kwa mtu mwingine. Yote mawili."

"Mwanangu, yote mawili hayaandikiki," alisema Mzee Demeke.

"Basi msiandike." Aliangalia sakafu, halafu akasema pole pole, kama mtu anayeomba maji. "Mimi sikuambiwa. Nilipewa saa tu. Nataka niambiwe."

Hakuna aliyecheka. Mzee Demeke alimgeukia Gashe Werkineh. "Umesikia adhabu yako?"

"Nimesikia."

Ijumaa tuliamka kabla ya kunguru. Nilimwacha Blen amelala kwa mama mmoja nikajitanda shuka yangu nyeupe. Tulikuwa kama ishirini. Wale walionong'ona juu ya kwato walikuwepo pia, mbele kabisa. Ua ulikuwa na matope na hakuna aliyesema neno. Gashe alisimama mlangoni kwa Mama Tewabech, kofia mkononi, akagonga mara tatu.

Fantaye alifungua. Alikuwa amevaa gauni la zamani la mama yake, nywele hazijachanwa. Alijua tunakuja, yeye ndiye aliyetuita. Hata hivyo alipotuona wengi namna ile, shuka nyeupe katika giza la alfajiri, alishika fremu ya mlango, na uso wake ukawa wa mtu asiyejua kitu.

"Kuna nini?" aliuliza. "Mbona mmekuja wote?"

Gashe Werkineh alifungua mdomo akaufunga. Akajaribu tena.

"Fantaye, mwanangu," alisema. "Mama yako amekufa."

Kelele iliyomtoka iliamsha mbwa wa mtaa mzima. Akaanguka, na mikono yetu ikawa pale, mingi, tukamshika kabla hajafika chini. Gashe naye alikuwa anamshika, mkono mmoja begani, na analia wazi bila kujifuta, na kulikuwa kumeanza kupambazuka.